Jinsi ya Kuwasoma Wanawake wa Riwaya za Ufaransa: Fuata Hesabu Kwanza, Maadili Baadaye

Mwambie mwanafunzi wa fasihi amchambue Emma Bovary, mhusika mkuu wa riwaya ya *Madame Bovary* ya Gustave Flaubert, na mara nyingi atakuletea orodha: mpenda anasa, mwongo, msaliti wa ndoa, mama asiyemjali mtoto. Sifa zote hizo zimo kitabuni. Lakini orodha hiyo ingeweza kuandikwa na majirani zake wa Yonville, wale wale ambao Flaubert anatuonyesha jinsi walivyo wepesi wa kuhukumu na wazito wa kuona.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo, awe anasoma kwa ajili ya mtihani, kwa kikundi cha wasomaji au kwa mapenzi yake tu. Hoja yangu ni moja: katika riwaya zinazotokea Ufaransa, hasa za karne ya 19, wanawake wa matabaka mbalimbali hutenda jambo lile lile, na kila mmoja hutozwa bei yake. Kinachomtenga mwanamke mwenye heshima na mwanamke aliyepotoka mara nyingi ni kipato, jina la ukoo na mtu wa kumsitiri. Kwa hiyo usikimbilie kuuliza nani ametenda dhambi. Uliza kwanza nani amelipa.

Chukua daftari. Kila mhusika wa kike mpe ukurasa wake, na uujaze kadiri unavyosoma.

Hatua ya kwanza: mweke kwenye ngazi

Andika mambo matatu: alizaliwa wapi, sasa yuko wapi, na anatamani kufika wapi. Pengo kati ya hayo matatu ndilo linaloendesha hadithi.

Ngazi yenyewe ni rahisi kuikumbuka. Juu kabisa wako makabaila, wenye vyeo vya kurithi na mashamba. Chini yao mabwanyenye wakubwa: wenye benki, viwanda na migodi. Kisha mabwanyenye wadogo, yaani wenye maduka, makarani wa serikali, wafamasia, waganga wa mashambani. Wanafuata wakulima, mafundi, vibarua wa viwandani, na watumishi wa ndani. Pembeni mwa ngazi kuna wanawake ambao jamii iliwapa majina kulingana na nani anawalipa: *grisette*, msichana mshonaji mwenye mpenzi mwanafunzi, *lorette*, anayetunzwa na wanaume wa mjini, jina lililotokana na mtaa wa kanisa la Notre-Dame-de-Lorette jijini Paris, kahaba mkubwa mwenye farasi na nyumba ya kifahari, na mwisho kahaba wa mtaani aliyeandikishwa kwenye daftari la polisi na kulazimishwa kupimwa afya kila mara. Yote manne yangeweza kuwa maisha ya mwanamke mmoja katika miaka kumi.

Sasa mweke Emma. Ni binti wa mkulima mwenye nafuu, Rouault wa Les Bertaux huko Normandie. Amesomeshwa na watawa mjini Rouen, akafundishwa muziki, kuchora na adabu za mabinti wa tabaka lililo juu ya lake. Kisha anaolewa na Charles, ambaye si daktari kamili. Ni *officier de santé*, mganga mwenye cheti cha daraja la chini. Elimu yake imempandisha, ndoa imemshusha, na kitabu chote kinatokea katika nafasi iliyo katikati.

Tafuta tukio moja linaloonyesha pengo hilo kwa macho. Kwa Emma ni dansi kwenye jumba la Vaubyessard, la Markizi d'Andervilliers. Joto limezidi ukumbini, na mtumishi anapanda kiti na kuvunja vioo viwili vya dirisha ili hewa iingie. Emma anageuka kwa ule mlio, na nje bustanini anaona nyuso za wakulima zimebandikwa kwenye vioo, wakitazama. Papo hapo anakumbuka shamba la baba yake. Flaubert hasemi neno juu ya tabaka. Anatuwekea tu mwanamke aliye ndani akiwatazama watu wake walio nje, na vioo vinavyovunjwa bila yeyote kuuliza bei yake. Tukio kama hilo likinakiliwa vizuri kwenye daftari lina thamani kuliko kurasa tano za maelezo.

Hatua ya pili: fanya hesabu

Waandishi hawa wanataja faranga na *sou* kwa usahihi wa mhasibu. Usiruke tarakimu. Kumbuka faranga moja ni sou 20.

Mfano bora ni Fantine wa *Les Misérables*, riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Wengi humkumbuka kama mama aliyeteseka, wakaishia hapo. Hebu tumfuate kwa karatasi na kalamu. Ni yatima, hana hata jina la ukoo. Mpenzi wake, Tholomyès, mwanafunzi wa familia tajiri, anamwacha na mtoto. Anamwachia Cosette mikononi mwa akina Thénardier, wenye nyumba ya wageni kule Montfermeil, kwa faranga 7 kwa mwezi. Bei inapanda hadi 12, kisha 15. Anapata kazi kiwandani, mambo yananyooka, mpaka wambea wanapogundua kwamba ana mtoto.

Waligunduaje? Kwa sababu Fantine hajui kuandika. Barua za kwa akina Thénardier anaandikiwa na mwandishi wa kulipwa, na mwandishi huyo akilewa ulimi unalegea. Mama mmoja, Victurnien, aliyejipa kazi ya kulinda maadili ya mji mzima, anafunga safari hadi Montfermeil kwa gharama ya faranga 35 ili amwone mtoto kwa macho yake. Tafakari hapo: mwanamke mwenye elimu na kalamu yake angeificha siri ile ile bila shida. Siri ya maskini hupita mikononi mwa watu wengine, na hivyo aibu yake iko tayari kutangazwa.

Anafukuzwa kazi kwa jina la maadili. Anashona mashati ya askari kwa sou 12 kwa siku, na Cosette peke yake anamgharimu sou 10. Zinabaki mbili za kula, kulipia chumba na kuota moto. Akina Thénardier wanadai sketi ya sufu ya mtoto. Anauza nywele zake kwa faranga 10 na kuinunua. Sketi haikuwa wanayoitaka, walitaka pesa, kwa hiyo wanamvika binti yao Éponine. Wanadai faranga 40 za dawa za ugonjwa ambao haupo. Anauza meno mawili ya mbele. Kisha bei ya ushonaji inashuka, kwa sababu mkandarasi wa magereza anawashonesha wafungwa kwa bei ya chini, na kazi ya saa 17 inaleta sou 9. Wanadai faranga 100. Ndipo anapoingia mtaani.

Ukiisoma hesabu hiyo kwa mpangilio wake, huwezi tena kusema Fantine alipotoka. Hugo amejenga ngazi ya kushukia, na kila kipandio kimepigwa msumari na mtu mwenye jina zuri: mwajiri mwenye masharti ya maadili, mlinzi wa heshima za watu, mkandarasi wa serikali.

Kwa tabaka la juu kidogo, soma *La Parure* ya Maupassant (1884), hadithi fupi ya kurasa chache. Mathilde Loisel, mke wa karani wa Wizara ya Elimu, anaazima mkufu wa almasi kwenda kwenye sherehe, anaupoteza, na yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000. Deni linawala miaka kumi. Mwisho tunaambiwa ule wa kwanza ulikuwa bandia, wa faranga 500 kwa wingi. Walimu wengi hufundisha hadithi hii kama onyo dhidi ya tamaa. Nadhani wanaipunja. Mathilde ni mwaminifu kupita kiasi: anafua, anabeba maji ghorofani, anabishana na muuza mboga kwa kila senti, na deni analimaliza. Tajiri ndiye aliyekuwa na mkufu wa uongo, na hakuna aliyemshuku.

Hatua ya tatu: weka sheria pembeni ya kitabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na bila hiyo nusu ya matendo ya wahusika yanaonekana ya kipumbavu. Andika haya kwenye jalada la ndani la daftari.

Sheria ya Kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimtaka mume amlinde mke na mke amtii mume. Mke hakuweza kufunga mkataba wa pesa bila idhini ya mumewe. Sheria hiyo hiyo ilikataza kumtafuta baba wa mtoto wa nje ya ndoa mahakamani, na katazo hilo lililegezwa mwaka 1912 tu. Talaka ilifutwa mwaka 1816 na haikurudi hadi 1884. Sheria ya Jinai ya 1810 ilimpa mke mzinifu kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Mume alitozwa faini, na hiyo ni pale tu alipomweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa.

Sasa rudi vitabuni. Tholomyès hana deni lolote kisheria kwa Cosette. Hugo anatuambia baadaye amekuwa mwanasheria tajiri wa mikoani na, mahakamani, mzee wa baraza mkali sana. Emma hawezi kumwacha Charles, kwani kitabu kilitoka mwaka 1857, katikati ya miaka ile isiyo na talaka. Na mfanyabiashara Lheureux, anayemkopesha Emma, anapomshawishi apate hati ya kumruhusu kusimamia mali kwa niaba ya mume, anajua anachokifanya: bila karatasi hiyo sahihi ya Emma haina thamani, na akiwa nayo kila sahihi yake inaifunga nyumba nzima. Uzinzi wake haumfilisi mtu. Kinachoiangusha nyumba ni hati za madeni, mpaka mahakama inadai faranga 8,000 ndani ya saa 24.

Kuna jambo la kuangalia pia kuhusu mali ya ndoa, maana kwetu linakwenda upande mwingine. Ufaransa ile, baba wa binti ndiye aliyetoa mali, na mali ilikwenda na bibi arusi kwa mumewe. Kwa hiyo binti asiye na kitu alikuwa vigumu kuolewa hata awe mwema vipi, na binti mwenye mali alikuwa mlango wa benki. Katika *Le Père Goriot* ya Balzac (1835), mzee Goriot, mtengeneza tambi aliyetajirika wakati wa njaa ya Mapinduzi, anajifilisi ili mabinti zake waolewe na wakubwa: Anastasie kwa kaunti, Delphine kwa mwenye benki. Delphine anaishi kwenye jumba la fahari na bado analazimika kumwomba mumewe hela za matumizi, hali mtaji ulitoka kwa baba yake. Mzee anapozikwa, magari mawili ya farasi yenye nembo za wakwe yanafuata jeneza. Ndani hamna mtu.

Mjane ndiye aliyekuwa na uhuru mkubwa kuliko wote. Ukimkuta mjane tajiri katika riwaya hizi, kaa macho. Markizi de Merteuil wa *Les Liaisons dangereuses* ya Laclos (1782) anaweza kufanya yote anayoyafanya kwa sababu mumewe alikufa mapema.

Hatua ya nne: wapange wanawake wa kitabu kimoja bega kwa bega

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na kitabu cha mazoezi ni *Boule de Suif* ya Maupassant, ya mwaka 1880. Ni fupi, unaimaliza jioni moja, na mwandishi amekufanyia kazi ya kuwakusanya: gari moja la farasi, watu kumi, wanaikimbia Rouen iliyotekwa na jeshi la Prussia wakati wa vita ya 1870. Wako Kaunti na Kauntesi de Bréville, Carré-Lamadon mwenye viwanda vya pamba na mkewe, Loiseau muuza divai kwa jumla na mkewe, watawa wawili, Cornudet anayejiita mwanademokrasia, na Élisabeth Rousset, kahaba mnene wanayemwita Boule de Suif.

Wanawake wa heshima wanamtambua na kuanza kunong'ona. Sasa rudi nyuma kurasa mbili, kwenye utambulisho wa abiria, usome polepole. Huyo Kauntesi ni binti wa mwenye meli mdogo wa Nantes, na ilivuma kwamba aliwahi kupendwa na mtoto wa Mfalme Louis-Philippe. Maupassant anasema kwa sababu hiyo makabaila wote walimshangilia. Bibi Carré-Lamadon, kijana kuliko mumewe, alikuwa faraja ya maofisa wa familia bora waliopangiwa Rouen. Na cheo chenyewe cha ukaunti? Hadithi ya ukoo, ambayo familia inajivunia, ni kwamba Mfalme Henri wa Nne alimpa mimba bibi mmoja wa Bréville, na mumewe akatunukiwa ukaunti na ugavana.

Weka mambo hayo kwenye jedwali. Bibi wa kale alilala na mfalme: ukoo ukapata cheo. Kauntesi alipendwa na mwana wa mfalme: akapata sifa. Bibi Carré-Lamadon na maofisa: watu wakakaa kimya. Boule de Suif na wateja wake: matusi. Mizani ya maadili ndani ya gari hilo inapima cheo cha mwanamume, na ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona katika kitabu kingine chochote cha zama zile.

Kinachofuata unakijua ukishaisoma. Theluji inawachelewesha, hakuna chakula njiani, na saa tisa alasiri Boule de Suif anatoa kikapu chake: kuku wawili waliokatwakatwa, mikate ya nyama, matunda, chupa nne za divai. Anawakaribisha. Njaa inawafundisha adabu, na wote wanakula. Wanafika Tôtes, na ofisa wa Prussia anakataa kuwaachia mpaka yule binti alale naye. Yeye anakataa, kwa uzalendo. Kwa siku kadhaa wanamzunguka kumshawishi, na anayemaliza kazi ni mtawa mzee, kwa hoja kwamba nia njema husafisha tendo. Anakubali, wanaachiwa. Asubuhi ya safari hakuna anayemsalimu. Kila mmoja anatoa chakula chake. Yeye kwa haraka hakubeba kitu, na hapewi hata tonge. Analia. Bibi Loiseau anasema analilia aibu yake.

Andika swali hili chini ya ukurasa: ni nani humo ndani aliyeishi kwa maadili anayoyahubiri? Kisha litumie kwa vitabu vingine. Katika *Germinal* ya Zola (1885) muweke Catherine Maheu, wa miaka 15, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda mgodini, karibu na Cécile Grégoire, anayelala mpaka jua limepanda huku jikoni wakimwokea mkate mtamu wa siagi. Familia ya Cécile huishi kwa hisa za mgodi ule ule. Mama Maheu anapokuja kuomba faranga tano, anapewa nguo kuukuu na vipande vya mkate, kwa maana maskini, wanasema, akipewa pesa atanywea pombe. Katika *La Dame aux camélias* (1848), baba yake Armand anamwendea Marguerite Gautier kumwomba amwache kijana, ili dada yake Armand aolewe bila doa. Usafi wa msichana mmoja unanunuliwa kwa maisha ya mwingine. Dumas mtoto, aliyekiandika, alizaliwa nje ya ndoa na mshonaji nguo, na hilo linasikika kitabuni.

Hatua ya tano: tazama mikono

Mikono, viatu, chakula, nguo za ndani: hapo ndipo tabaka linapoandikwa mwilini. Ningependa usome kwa makini tukio moja tu, la maonyesho ya kilimo katika *Madame Bovary*. Juu ghorofani, Rodolphe anamtongoza Emma. Chini uwanjani viongozi wanatoa tuzo za mbolea na nguruwe. Maneno ya mapenzi na ya samadi yanapishana mstari kwa mstari. Vidole vya Emma na Rodolphe vinashikana, na mstari unaofuata mshereheshaji anaita jina: Catherine Leroux, kwa miaka 54 ya utumishi kwenye shamba moja, medali ya fedha ya thamani ya faranga 25.

Anapanda jukwaani bibi kizee mdogo, amejawa na hofu, hajui asogee au akimbie. Flaubert anaelekeza macho yetu kwenye mikono yake. Vumbi la ghala, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu vimeikausha na kuikomaza hata inaonekana michafu ingawa imesuuzwa kwa maji safi. Kwa kutumika, imebaki nusu wazi. Piga hesabu: faranga 25 kwa miaka 54 haifiki hata nusu faranga kwa mwaka. Anaposema medali atampa padri amsomee misa, mfamasia anashtuka, anauita huo ushupavu wa dini.

Mwandishi angeweza kuliweka tukio hilo popote. Ameliweka hapo, baada ya vidole laini kushikana, ili tuione mikono ile miwili miwili kwa pamoja. Emma hamwoni Catherine. Sisi tunamwona. Kwangu huo ndio ukurasa mkubwa kuliko yote katika kitabu, na mara nyingi hauguswi darasani.

Miaka 20 baadaye Flaubert alimrudia mwanamke wa aina hiyo katika *Un cœur simple* (1877): Félicité, mtumishi wa Bibi Aubain, anayepika, kufua, kushona, kufuga na kusukasuka siagi kwa faranga 100 kwa mwaka. Katika fasihi ya wakati ule watumishi wa kike walikuwepo kila ukurasa wakifungua milango. Kumpa mmoja wao hadithi nzima lilikuwa tendo la ujasiri.

Hatua ya sita: jua nani anasimulia, na amesimama wapi

Flaubert husimulia kwa nafsi ya tatu, lakini sentensi inaingia kichwani mwa Emma bila kubisha hodi, na hakuna sauti ya kumkemea. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard, aliyemfikisha mahakamani mwaka 1857 kwa kuikosea dini na maadili ya umma, alilalamikia jambo hilo hasa: hakuna mhusika hata mmoja anayeweza kumhukumu mwanamke huyu. Flaubert aliachiwa huru Februari mwaka huo huo. Pinard alikuwa amesoma vizuri kuliko wengi wetu. Alichokosea ni kudhani hiyo ni dosari.

Riwaya ikiandikwa kwa barua, kama *Les Liaisons dangereuses* ya Laclos, kila mwanamke ana kalamu yake. Barua ya 81, ambamo Merteuil anaeleza alivyojifundisha tangu ujana kuficha kila hisia usoni, isome peke yake kwanza, ukisahau ubaya wake. Ni maelezo ya elimu ambayo binti wa kikabaila hakupewa na mtu.

Na Charles Dickens, Mwingereza, aliitazama Paris kutoka ng'ambo ya bahari katika *A Tale of Two Cities* (1859). Lucie Manette ana nywele za dhahabu, hulia, hupenda, karibu hatendi lolote. Madame Defarge, mke wa muuza divai, anafuma majina ya watakaouawa wakati wa Mapinduzi. Upande mmoja malaika, mwingine chui. Ila Dickens mwenyewe anatupa ushahidi dhidi ya mgawanyo wake: dada yake Madame Defarge aliharibiwa na makabaila wa Evrémonde, na familia yake yote ikaisha. Kitabu kinamwogopa mwanamke huyu kuliko kinavyowaogopa waliomtengeneza. Mwandishi akigawa wema na ubaya kwa usafi namna hiyo, angalia mgawanyo huo unafuata tabaka gani.

Hatua ya saba: orodhesha waliokufa na waliopewa nishani

Ukifika mwisho, chora safu mbili. Emma: sumu ya arseniki. Fantine na Marguerite: kifua. Merteuil: ndui, jicho moja limepofuka, kesi imeshindwa, amekimbilia Uholanzi. Nana wa Zola, aliyewafilisi wakubwa wa Paris, binti wa dobi Gervaise: ndui, hotelini, mwaka 1870, huku umati nje ukipiga kelele za vita. Safu ya pili: Rodolphe, amelala usingizi kwenye jumba lake. Léon, mpenzi wa pili wa Emma, ameoa. Lheureux, biashara imekua. Homais mfamasia, ametunukiwa nishani ya taifa, na hiyo ndiyo sentensi ya mwisho ya *Madame Bovary*. Valmont, mshirika wa Merteuil, amekufa kwa upanga, kifo cha heshima.

Usisahau watoto. Baada ya mnada wa mali za akina Bovary zilibaki faranga 12 na senti 75, nauli ya kumpeleka Berthe mdogo kwa bibi yake. Bibi naye akafa, shangazi maskini akamchukua, akampeleka kiwanda cha pamba kujitafutia mkate. Familia iliyotaka kupanda imeshuka mpaka chini katika kizazi kimoja, na aliyelipia salio ni mtoto wa kike.

Ukianza kuandika

Epuka sentensi inayoanza na "Emma ni" ikafuatiwa na sifa. Jaribu mpangilio huu: fulani anatenda hivi, mwanamke wa tabaka jingine ndani ya kitabu hicho anatenda vivyo hivyo, wa kwanza analipa hiki na wa pili analipa kile, na mwandishi anatuonyesha tofauti hiyo kwa tukio hili. Kila aya iwe na tarakimu moja, au kitu kimoja cha kushikika, kutoka kitabuni.

Tahadhari moja. Msiwageuze wanawake hawa kuwa malaika waliodhulumiwa. Emma ni mkatili kwa Berthe, na kuna ukurasa anaomsukuma mtoto anaanguka na kujikata shavu. Merteuil anamharibu msichana wa miaka 15 kwa kulipiza kisasi. Tabaka linaeleza bei ya tendo. Tendo lenyewe bado ni lao, na waandishi hawa waliwaheshimu kiasi cha kuwaachia.

Kwa mpangilio wa kusoma, anza na *La Parure*, kisha *Boule de Suif*, kisha *Un cœur simple*. Hadithi hizo tatu zitakupa karani, kahaba na mtumishi kabla ya kuingia riwaya ndefu. Ndipo uchukue *Madame Bovary* taratibu, na sehemu ya kwanza ya *Les Misérables* inayomhusu Fantine. Haki za waandishi hawa zimekwisha muda, hivyo matini za Kifaransa zinapatikana bure mtandaoni, na wasomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura waliosoma Kifaransa shuleni wana bahati ya kuzipata bila mkalimani. Zola mwachie mwisho, na usome *L'Assommoir* kabla ya *Nana*: ukimjua Gervaise na ndoo zake za kufulia, mtaani Goutte-d'Or, utamtazama binti yake kwa jicho tofauti atakapopanda jukwaani.